Anayechangia ana haki ya kusomewa hesabu

Mwaka 2009, mahakama ya rufani nchini Indonesia ilimwamuru Prita Mulyasari, mama wa mji wa Tangerang ulio kando ya Jakarta, ailipe hospitali moja ya binafsi rupia milioni 204. Kisa chake kilianza na barua pepe. Agosti 2008 aliwaandikia rafiki zake akilalamikia matibabu aliyopewa hospitalini hapo, nao wakawatumia wenzao, barua ikasambaa mpaka ikawafikia waliolalamikiwa. Mei 2009 akawekwa mahabusu wiki tatu. Hukumu ya fidia ilipotoka, watu waliokuwa wakimtetea kwenye Facebook wangeweza kumtafuta tajiri akalipa yote kwa hundi moja. Waliamua kuomba sarafu: rupia 100, rupia 500, chochote kilichopo kibindoni. Watoto walivunja vibubu vyao. Sarafu zikafika Jakarta zikiwa kwenye magunia, makopo na madumu ya maji, na watu wa kujitolea wakakaa chini siku baada ya siku kuzihesabu mbele ya kamera za televisheni. Zilipojumlishwa zilizidi rupia milioni 800, karibu mara nne ya deni lenyewe. Hospitali nayo ikaachana na dai lake.

Kila ninapokisoma kisa hiki, kinachonishika ni ile kazi ya kuhesabu. Kutoa sarafu ni jambo la sekunde chache. Kukaa sakafuni na mtu usiyemjua, mkitenga za mia na za mia tano, mkiandika jumla ambayo nchi nzima inaisubiri, hilo ndilo lililowafunga watu wale pamoja. Tangu hapo bara la Asia limejenga majukwaa makubwa ya kuchangishana kwa simu, na fedha zinazopita humo ni nyingi kuliko sarafu zote za Prita. Ninachokitetea hapa ni kwamba majukwaa hayo yamefaulu pale yalipomrudishia mchangiaji hesabu na kumpa nafasi ya kuhoji, na yameharibika kila yalipomgeuza mchangiaji kuwa mtazamaji mwenye pochi.

Nasi habari hii inatugusa. Kwa miaka mingi taasisi ya Uingereza iitwayo Charities Aid Foundation ilichapisha ripoti iliyopima ukarimu wa mataifa kwa maswali matatu mepesi: katika mwezi uliopita, je, ulimsaidia mtu usiyemjua, ulitoa fedha kwa ajili ya hisani, ulijitolea muda wako? Indonesia ilishika nafasi ya kwanza mwaka baada ya mwaka. Katika ripoti ya 2024, nchi iliyoifuata ilikuwa Kenya. Watu wa harambee na watu wa visiwa vile vya mbali walikaa kiti cha kwanza na cha pili duniani, na yaliyowapata wenzetu yatatupata, kama hayajatufika tayari.

Ukarimu wa Indonesia ulikuwapo kabla ya simu. Katika vijiji na mitaa ya Java kuna desturi iitwayo jimpitan. Kila jioni kaya huweka konzi ndogo ya mchele ndani ya kikopo kinachoning'inizwa mbele ya nyumba, na watu wa zamu ya ulinzi wa usiku hupita wakikusanya. Siku hizi sehemu nyingi mchele umegeuka kuwa sarafu. Kinachokusanywa hugharimia msiba wa jirani, mgonjwa asiye na kitu, taa ya barabarani iliyoungua. Anayekusanya leo kesho ni zamu yake kukusanyiwa, na kiasi kilichopatikana husomwa kwenye kikao cha mtaa ambapo aliyetoa konzi moja na aliyetoa konzi tatu wana sauti ileile ya kuuliza zilikokwenda. Jumuiya ya Nahdlatul Ulama, yenye mamilioni ya wafuasi, imeipanua tabia hiyo kwa kuweka makopo ya sarafu majumbani. Watu wa kujitolea hupita nyumba kwa nyumba kuyafungua na kuandika kilichomo.

Kule Taiwan, mwaka 1966, mtawa wa Kibuddha Cheng Yen aliwaomba wafuasi wake 30, wengi wao akina mama wa nyumbani wa Hualien, waweke senti 50 kila siku ndani ya kibubu cha mwanzi kabla ya kwenda sokoni. Walimuuliza kwa nini wasilete dola 15 mara moja kila mwezi, maana jumla ni ileile. Alitaka watoe kila siku ili wawaze kutoa kila siku, na wanapofika sokoni wamwambie muuza mboga kwa nini wamepunguza senti 50. Kutoka kwenye vibubu hivyo lilikua shirika la Tzu Chi, ambalo leo linajulikana dunia nzima kwa misaada ya maafa. Sijaona mpango wa kisasa wa mtandaoni uliofikiriwa vizuri kuliko ule wa soko la Hualien. Mtawa yule alijua kwamba kiasi kinaweza kusubiri, ila mazoea yanatakiwa kuanza leo.

Sasa linganisheni na jinsi simu inavyotuzoesha kutoa. Kampuni ya Tencent ya China ilianzisha mwaka 2015 siku za kuchangia zinazofikia kilele chake tarehe 9 Septemba, ambapo kampuni huongezea fedha zake juu ya kila mchango. Katika siku tatu za mwaka wa kwanza, zaidi ya watu milioni 2 walitoa yuani zaidi ya milioni 127. Ni idadi ya kutia moyo, na siibezi. Lakini miaka iliyofuata zikaja tuhuma kwamba baadhi ya mashirika yalizungusha fedha zao wenyewe kama michango ya watu ili kuvuta nyongeza ya Tencent. Mashindano ya siku chache huwaleta watu wengi, na usiku wa mwisho huwatawanya wote.

China hiyohiyo ina mfano mwingine ambao ningependa kila mwenye kundi la michango aujue. Mwaka 2011, Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi hiyo lilitikiswa na msichana mmoja aliyejitangaza kwenye mtandao wa Weibo kuwa meneja wa kampuni yenye jina linalofanana na la shirika, huku akionyesha magari na mikoba ya kifahari. Shirika lilikana kumjua. Watu hawakutulizwa na kukana huko kwa sababu walikuwa wamechoka kutoa bila kuonyeshwa, na michango ikaporomoka. Miezi michache kabla ya hapo, waandishi wa habari mamia kadhaa walikuwa wameanza kuchangisha yuani 3 za chakula cha mchana kwa kila mtoto katika shule za vijiji maskini, ambako wanafunzi walishinda na njaa mpaka jioni. Hawa waliweka sharti moja gumu: kila shule inayopokea fedha ifungue ukurasa wake Weibo na kutangaza humo kila siku wamekula watoto wangapi, kimenunuliwa nini na kwa bei gani.

Fikiria mwalimu mkuu wa shule ya mlimani Guizhou anayeandika kwamba leo wamenunua kabichi na mayai, na mtu wa Shanghai asiyewahi kufika huko anauliza mbona bei ya mayai imepanda kuliko wiki jana. Swali la namna hiyo linaweza kumkera mwalimu. Mimi naliona kuwa heshima kubwa kuliko pongezi elfu, kwa sababu anayeuliza bei ya mayai amekwisha kujihesabu kuwa mmoja wa wenye jiko. Hesabu hizo za kila siku zilizaa kitu ambacho sadaka peke yake isingekizaa. Oktoba 2011 serikali kuu ya China ilitangaza mpango wa lishe kwa wanafunzi milioni 26 wa vijijini, yuani 3 kwa mtoto kwa siku, ukigharimu yuani bilioni 16 kwa mwaka. Raia walikuwa wamethibitisha mbele ya macho ya wote kwamba chakula kinaweza kumfikia mtoto kwa kiasi hicho, na serikali ikaona haya kubaki nyuma.

Tukiacha hesabu, tunaingia kwenye biashara ya machozi, na Asia imetuonyesha inavyokwenda. India ina majukwaa kama Ketto na Milaap ambayo yameokoa maisha ya watu wasio na bima, katika nchi ambako familia nyingi hulipa matibabu kutoka mfukoni. Mwanzoni mwa 2021 umma wa India ulimchangia mtoto mchanga wa Mumbai dawa ya ugonjwa wa kurithi wa misuli iliyogharimu rupia za India milioni 160, na dawa ikapatikana. Nafurahi alipata. Ila mtindo uliozoeleka tangu hapo ni matangazo ya kulipia yenye uso wa mtoto na mipira puani, yanayomkuta mtu katikati ya video ya muziki. Mtoto mwenye uso mzuri na mzazi anayejieleza vyema hupata. Mzee wa kifua kikuu, kijana mwenye ugonjwa wa akili, mfungwa, mama aliyekwisha kuombewa mara moja na bado anaumwa, hao hawana picha inayouza.

China ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 mwandishi mmoja wa Shenzhen aliandika kwenye WeChat makala za uchungu kuhusu binti yake mwenye saratani ya damu, na wasomaji wakamtumia zaidi ya yuani milioni 2. Ndipo ikajulikana kwamba alikuwa na nyumba tatu na kwamba sehemu kubwa ya gharama za hospitali ilikuwa imebebwa na bima. Fedha zikarudishwa kwa waliotoa. Mtoto akafariki wiki chache baadaye, na watu waliokuwa wamemlilia walishindwa hata kumwombolezea kwa moyo mweupe. Kisha mwaka 2019 video ya waandishi wa habari ikawaonyesha wafanyakazi wa jukwaa kubwa la kuchangisha matibabu wakipita wodi kwa wodi, kitanda kwa kitanda, wakiwashawishi wagonjwa wafungue maombi ya michango, wakijaza wenyewe kiasi cha kuombwa bila kuchunguza mali ya familia, kisha wakilipwa kwa idadi ya maombi waliyofungua. Kampuni yenyewe ilikuwa ikipata sehemu kubwa ya mapato yake kwa kuuza bima kwa walewale waliovutwa na huruma. Huruma ya watu ikawa mlango wa dukani. Mtu anayechangia hapo hajui kwamba yeye ndiye bidhaa inayotafutwa.

Lakini kisa kinachostahili kutafakariwa kwa kirefu ni cha shirika la Aksi Cepat Tanggap la Indonesia, maarufu kwa kifupi ACT. Lilianzishwa 2005, likajijengea jina kwa kufika haraka kwenye mafuriko na matetemeko, na kwa kupeleka misaada Palestina na Syria. Lilijua kutumia mitandao kuliko mengi ya rika lake. Mapema Julai 2022 jarida la Tempo lilichapisha uchunguzi wake: kiongozi wa juu wa shirika alikuwa akilipwa mshahara wa rupia milioni 250 kwa mwezi, mbali na magari ya kifahari. Siku chache baadaye Wizara ya Jamii ilifuta kibali cha shirika cha kukusanya michango. Mahakamani yakatoka mazito zaidi. Ndege ya Lion Air ilipoanguka baharini Oktoba 2018 na kuua watu wote 189, kampuni ya Boeing ilitenga fedha za miradi ya kijamii kwa kumbukumbu ya marehemu, na ACT ikakabidhiwa rupia bilioni 138. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumika kwa mambo mengine kabisa. Januari 2023 mwanzilishi wa shirika alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu.

Ni rahisi kumlaani mwizi na kuishia hapo. Mimi naona kosa la pili, ambalo ni la kimfumo. Kanuni ya Indonesia ya mwaka 1980, iliyotokana na sheria ya mwaka 1961, inamruhusu mkusanyaji wa michango kutumia si zaidi ya asilimia 10 kwa gharama za uendeshaji. Uongozi wa ACT ulikiri kwamba ulikata wastani wa asilimia 13.7. Hiyo tofauti yenyewe si ya kutisha. Shirika linalofikisha maji mahali barabara zimekatika lina gharama za kweli. Kilichotisha ni kwamba mamilioni ya wachangiaji walitoa kwa miaka na hakuna aliyewaambia kinachokatwa, wala hawakuwa na kikao cha kuulizia. Walikuwa wengi sana, na kila mmoja alikuwa peke yake na simu yake. Katika mtaa wenye jimpitan, mlinzi wa usiku akija na pikipiki mpya, majirani watauliza.

Hapa nataka nisimame upande ambao wengi hawaupendi. Wachangiaji wa Asia, kama sisi, wanapenda kusikia kwamba kila senti itamfikia mhitaji. Ahadi hiyo huzaa uongo. Mhasibu anakula, mkaguzi wa hesabu analipwa, gari la kwenda kijijini kuhakikisha kisima kimechimbwa linatumia mafuta. Jukwaa la Kitabisa, lililoanzishwa 2013 na kukua kuwa kubwa kuliko yote Indonesia, limekuwa likitangaza waziwazi kwamba linakata asilimia 5 kwenye michango ya kawaida na halikati kitu kwenye michango ya maafa. Unaweza kubishana na kiwango hicho, lakini angalau kuna cha kubishania. Mimi niko tayari kulipa asilimia 5, hata 10, kwa mtu atakayeniletea risiti. Anayeniahidi kwamba hakati kitu namwogopa, kwa kuwa gharama anayo, ila ameamua nisiijue.

Serikali nazo zina mkono wake. Septemba 2020 India ilibadili sheria ya michango kutoka nje: shirika likipokea fedha za kigeni haliruhusiwi tena kulipatia shirika jingine, na kila senti ya nje lazima iingilie akaunti ya tawi moja la benki mjini New Delhi. Miezi saba baadaye, wimbi la pili la korona lilipowaacha watu wakifa kwa kukosa oksijeni, Wahindi walio ughaibuni walichanga kwa moyo, lakini mashirika makubwa yaliyopokea hayakuweza kuyagawia yale madogo ya vijijini yaliyojua nyumba yenye mgonjwa. Huko Ufilipino, Aprili 2021, mwanamke kijana aitwaye Ana Patricia Non aliweka mkokoteni wa mianzi mtaa wa Maginhawa, Quezon City, wenye mchele, mboga na makopo ya samaki, na bango la kumwambia kila mtu atoe kwa uwezo wake na achukue kwa haja yake. Picha ya mkokoteni ikasambaa, na ndani ya siku chache mikokoteni kama hiyo ikazuka mamia nchi nzima. Haikuchukua hata wiki kabla vyombo vya usalama kuanza kuwapakazia waanzilishi ukomunisti, na yeye akalazimika kufunga kwa muda akihofia usalama wa watu wake. Uangalizi wa serikali ninautaka, kama nilivyosema juu ya ACT. Uangalizi unaomhoji mwenye mchele kwenye mkokoteni na kumwacha mwenye bilioni 138 hauwalindi wachangiaji.

Kwetu, kila mwenye simu yumo kwenye kundi la WhatsApp la mchango: msiba, matibabu, harusi, ada ya mtoto wa ndugu. Kenya ilipata jukwaa lake, M-Changa, mwaka 2012, na mitandao ya fedha kwa simu imefanya kutuma kuwe kwepesi kuliko nchi nyingi za Asia. Angalieni orodha zetu lakini. Jina la kila aliyetoa linaandikwa, kiasi kando yake, orodha inanakiliwa upya kila mtu anapoongeza lake, na asiyetoa anajulikana. Siku ya shughuli ikipita kundi linanyamaza. Orodha ya matumizi, yenye bei ya jeneza, nauli na kilo za mchele, ni wachache wanaoiona. Tumejenga orodha nzuri ya kuwafuatilia watoaji, na hatuna ya kumfuatilia mweka hazina. Anayeiomba huambiwa ana roho mbaya.

China iliifanyia marekebisho sheria yake ya hisani, yakaanza kutumika Septemba 2024, na sasa majukwaa ya watu binafsi wanaoomba msaada lazima yaidhinishwe na yahakiki maelezo ya mwombaji. Ni hatua njema, na Indonesia yenye sheria ya 1961 inapaswa kuifuata. Lakini sheria haitawafanya watoaji wajuane. Ningependa kuona jukwaa ambalo mtu akichangia mara moja anaingizwa kwenye kundi dogo la watu wa eneo lake, hamsini au mia, wenye zamu ya kumtembelea aliyechangiwa na kuwaandikia wenzao alivyo, kama wanavyofanya watu wa Tzu Chi, ambao huzitembelea familia wanazozisaidia. Ningependa pia sehemu ya kila mchango, hata moja kwa ishirini, iwekwe kwenye mfuko ambao matumizi yake yanapigiwa kura na wachangiaji, na usitumike kamwe kwa mgonjwa aliyekwisha kupata tangazo. Mtu mzima anayesafishwa figo mara mbili au tatu kwa wiki, ambaye picha yake haimlizi mtu na ambaye mwezi ujao atahitaji tena kiasi kilekile, awe wa kwanza kwenye orodha hiyo, na risiti zake zisomwe kundini kila mwezi kwa muda wote atakaotibiwa.